Umepangiwa kazi Kigoma? Soma hapa kabla hujaandika barua ya uhamisho

#1 MwanaKibirizi

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zetu shikamooni.

Kila serikali ikitangaza ajira mpya, wiki hiyo simu yangu hailali. Mtoto wa shangazi yangu yuko Dodoma, basi kila rafiki yake anayepangiwa huku anapewa namba yangu. Maswali ni yale yale: dada, huko kuna umeme? Kuna maji? Nikitaka kurudi nyumbani nasafiri siku ngapi? Juzi kuna binti mmoja, mwalimu, ndiyo kwanza anatoka chuo na hajawahi kuvuka Singida, amelia kwenye simu mpaka nikamwambia nyamaza kwanza mdogo wangu, nipe siku mbili niandike kila kitu mahali pamoja. Ndiyo hii.

Mimi nimezaliwa Ujiji na kuolewa Kibirizi. Kazi yangu ni dagaa: nanunua wabichi ufukweni alfajiri, naanika, nafunga, natuma Tabora na Dar. Sina cheo popote. Naandika kama mtu anayeishi hapa na ambaye hana mpango wa kuhama.

Jambo la kwanza mgeni alijue ni kwamba Kigoma haina shida ya vitu. Ziwa Tanganyika tunalo, mawese tunayo, muhogo upo, chumvi inachemshwa Uvinza tangu enzi za mababu, na mvua tunapata ya kutosha kuliko mikoa mingi. Tunachokosa ni uhakika. Treni ina siku zake, lakini saa ya kuingia unaijua ukishaisikia honi. Boti inaondoka ikijaa, au upepo ukitulia. Na kila kisicho na uhakika kinalipiwa: unalipia gesti ya kusubiri, unauza kwa bei ya kutupa kwa sababu mzigo utaharibika, unapandisha bei ya sukari dukani kwa sababu hujui gari linalofuata litafika lini. Ukilielewa hilo, mengi utakayoyaona huku hayatakushangaza.

Mji wenyewe ni miji miwili iliyoshikana, ndiyo maana manispaa inaitwa Kigoma Ujiji. Ujiji ndiyo kongwe. Hapo ndipo misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipoishia, watu wakavuka ziwa kwenda Kongo, na wengi wa kule wakavuka kuja huku wakabaki. Mimi mwenyewe bibi yangu mzaa mama ni Mmanyema, babu ni Muha, na nyumbani tuliongea Kiswahili tangu tunazaliwa. Wajerumani walipoleta reli hawakuipeleka Ujiji, kwa kuwa pwani yake iko wazi kwa mawimbi. Waliitafuta ghuba yenye kina na iliyojikinga, wakaipata Kigoma. Reli ikafika 1914. Tangu hapo tunaitwa mwisho wa reli, jina ambalo watu wa mbali wanalitaja kana kwamba baada ya hapo hakuna kitu. Baada ya hapo kuna ziwa la kilomita zaidi ya 600, kuna Kalemie, Uvira, Bujumbura, Mpulungu. Wabelgiji baada ya vita ya kwanza waliomba wapewe sehemu yao ya bandari hapa Kigoma na nyingine Dar es Salaam, mizigo ya Kongo ipite, wakapewa. Walijua wanaomba nini.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 215,458 kwenye manispaa yetu. Ya 2022 ikahesabu 232,388. Miaka hiyo hiyo mkoa mzima umetoka milioni 2.1 na kitu mpaka karibu milioni 2.5. Tuliangalie vizuri jambo hilo. Mkoa umeongeza zaidi ya watu laki tatu, mji umeongeza elfu kumi na saba tu. Watoto wetu wakimaliza shule hawaji mjini kwao, wanapanda treni. Nina wadogo zangu watatu Dar, Mbagala na Temeke, na kila nyumba ya Ujiji utakayoingia utasikia hivyo hivyo.

Nyumba za kupanga zipo. Ukitaka karibu na mjini angalia Mwanga, Katubuka, Gungu. Ukitaka utulivu na nafasi, nenda upande wa Mwandiga. Ukipenda watu na kelele za watoto, Ujiji. Daladala na bajaji zinazunguka, kutoka mjini mpaka Ujiji ni chini ya kilomita 10. Ila nakuomba, usichukue nyumba ya ufukweni kwa sababu ya mandhari. Hili nalisema kwa uchungu.

Mvua zilipozidi kuanzia mwishoni mwa 2019, ziwa lilianza kupanda. Polepole, hata hulioni. Chanja zangu za kuanikia zilikuwa hatua kama arobaini kutoka kwenye maji. Nikaja asubuhi moja nikakuta miguu ya chanja ya kwanza iko ndani ya maji, nikadhani ni wimbi la usiku. Wiki iliyofuata ya pili. Nikahamisha, nikahamisha tena, mara ya tatu sikuwa na pa kuhamishia, nyuma yangu kuna ukuta wa mtu. Majirani wawili nyumba zao ziliingia maji wakalala kwa ndugu. Wazee wa Ujiji hawakushangaa. Walituambia ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga, kule Kongo karibu na Kalemie, na mlango huo ukiziba, maji yanarudi kwenu. Zamani za akina Livingstone ulikuwa umeziba kwa tope na majani, ziwa likajaa sana, halafu miaka ya 1870 ikiishia maji yakapasua njia yakashuka. Ndiyo maana ukienda kwenye mnara wa Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, unashangaa ufuko uko wapi. Ufuko uliondoka. Na kilichoondoka kinaweza kurudi. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na sisi tuliona ni sheria ya kutusumbua. Leo nikimwona mtu anachimba msingi karibu na maji namfuata namwambia.

Umeme. Miaka mingi mkoa wetu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukiishi kwa majenereta ya dizeli, na dizeli yenyewe inasafirishwa kutoka Dar. Mgawo ulikuwa kawaida. Fundi wa kuchomelea alikuwa anakaa na chuma mkononi anasubiri. Gridi imetufikia kupitia Nyakanazi, na pale Igamba kwenye mto Malagarasi kuna mradi wa maporomoko wa megawati 49.5. Tofauti naiona kwenye barafu. Zamani migebuka, samaki wetu wa ziwani, ikishuka mingi kwa siku moja, jioni inagawiwa au inakaushwa kwa moshi kwa lazima. Sasa kuna wenye majokofu, mvuvi anaweza kusema hapana, nasubiri kesho. Neno hilo "nasubiri kesho" lina thamani kubwa kwa mtu wa kipato changu.

Maji ya bomba yapo, na ni mengi kuliko miaka kumi iliyopita. Kuna mitaa ya juu mlimani ambako presha bado inasumbua, kwa hiyo kabla hujalipa kodi fungua bomba mwenyewe, usikubali kuambiwa. Na maji ya ziwa usinywe bila kuchemsha hata yakiwa yanang'aa kama kioo. Yanang'aa kweli, unaona mawe chini, ila kipindupindu hakionekani kwa macho.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike hasa.

Mama mkwe wangu ana miaka zaidi ya sabini. Alikwenda kufuatilia kitambulisho kwenye ofisi moja, sitaitaja. Dirishani alikuwepo kijana mgeni, hajamaliza hata miezi sita huku. Akamuuliza mama: umezaliwa wapi? Akajibu Kalinzi. Baba yako? Akamtaja. Babu yako? Akamtaja. Babu wa mama yako? Hapo mama akasita kidogo kukumbuka. Kijana akaweka kalamu chini akamwambia, "Bibi, wewe si wa huku, wewe ni wa ng'ambo." Mama mkwe alirudi nyumbani akakaa kwenye mkeka, hakula. Alichosema ni kimoja: "Nimezika watoto wawili katika ardhi hii." Tulirudi naye mara tatu, na wazee wawili wa kijiji wakapanda gari kuja kushuhudia. Alipata. Lakini wale wazee nauli walikopa.

Tunapakana na Burundi, Kongo iko ng'ambo ya maji, tumepokea wakimbizi tangu sijazaliwa. Najua kazi ya kuhakiki ni lazima. Ila Kiha na Kirundi ni ndugu, na mtu hawezi kuwa mgeni kwa sababu ya lafudhi yake. Naiandika kwa sababu wewe unayesoma hapa huenda ndiye utakayekaa upande wa pili wa dirisha lile. Wewe ndiye huduma yenyewe tunayoizungumza. Ukija, ukakaa miezi minane moyo wako uko kwenye barua ya uhamisho, hutajifunza Kalinzi iko wapi wala watu wake wanaongeaje. Na ukiondoka, dirisha linafungwa mpaka aje mwingine, naye aanze upya.

Maswali yaleteni, nitajibu nikitoka kuanika.

#2 Nesi_Mgeni

Shikamoo dada. Mimi nimepangiwa zahanati ya kijiji cha ziwani upande wa kusini, huko wilaya ya Uvinza. Sijawahi kupanda boti maisha yangu. Nitafikaje na vitu vyangu? Na ni kweli mgonjwa akizidiwa anabebwa kwa mtumbwi?

#3 MwanaKibirizi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ajira.

Nisikufiche. Ndiyo, ni kweli. Vijiji vya kaskazini mpaka Mwamgongo na Kagunga boti zao zinaondokea hapa kwetu Kibirizi, zinapita mbele ya hifadhi ya Gombe. Hizo za kusini, Sigunga, Buhingu, Kalya, ni safari ndefu zaidi. Ni boti za mbao zenye mashine, abiria na mizigo pamoja: magunia, kuku, matenki ya maji, godoro la mtu anayeanza maisha kama wewe. Nunua jaketi lako la kuokolea kabla hujafika, lisikae kwenye begi, livae. Nahodha akisema leo hatuondoki kwa sababu ya upepo, usiungane na wanaomgombeza. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini una nguvu na mawimbi ya ziwa hili yanakuja marefu kama ya baharini. Funga simu na vyeti kwenye mfuko wa nailoni, kisha ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nguo zikilowa zitakauka.

Zamani tulikuwa na meli ya Liemba. Wengi mmeisikia kwa historia yake, kwamba Wajerumani waliijenga Papenburg, wakaifungua vipande, wakaiunga upya hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924 na ikaanza kazi tena 1927. Watalii wanaipenda hiyo hadithi. Sisi tulikuwa tunaipenda kwa sababu ilikuwa na ratiba. Ilishuka kusini mpaka Mpulungu Zambia, na kwa kuwa vijiji vingi havina gati, ilisimama mbali kidogo, mitumbwi ikaifuata usiku, watu wakapandishwa kwa mikono huku dagaa na mananasi yakipita juu ya vichwa. Mwanamke wa Kalya alijua wiki fulani anaweza kuuza mchele wake Kigoma na akarudi. Mei 2015 Warundi walipokimbia kwao wakajazana Kagunga kwa makumi elfu, kwenye ufuko mwembamba uliobanwa na mlima, kipindupindu kikaingia, ni Liemba ndiyo iliyokwenda na kurudi kuwaleta Kigoma. Niliwaona wanavyoshushwa bandarini, mama mmoja amebeba sufuria tupu, mtoto mgongoni. Meli ya umri ule. Tangu iliposimama kusubiri ukarabati, vijiji vya kusini vimerudi kwenye boti za mbao, na hapo ndipo swali lako la mgonjwa linapoingia.

Mgonjwa akizidiwa usiku, boti inatafutwa, mafuta yanachangwa, na kama ziwa limechafuka wanasubiri. Nilipoteza mtu namna hiyo. Mke wa binamu yangu, uzazi wa tatu. Walikaa ufukweni kuanzia saa nne usiku wakisubiri upepo upungue, wakaondoka saa kumi na moja. Mtoto alipona. Zahanati ya pale ilikuwa haina mhudumu tangu aliyekuwepo ahamishwe, miezi mingi, mlango una kufuli. Sisemi angepona kwa hakika kama nesi angekuwepo. Nasema angeambiwa wiki mbili kabla kwamba shinikizo lake la damu liko juu, aje mjini mapema akae kwangu. Nyumba yangu ilikuwa wazi.

Kwa hiyo wewe ukifika, la kwanza waite wajawazito wote wa kijiji, wapime, na wenye dalili mbaya wahimize waje mjini kabla ya siku zao. Wataleta visingizio vya nauli na nani ataangalia watoto. Muite mume, mueleze mbele ya mama yake mzazi. Huku mama mkwe akikubali, mambo yamekubalika.

#4 Mtu_wa_Kariakoo

Dada umeongea vizuri lakini tuzungumze biashara. Sisi huku tunapigwa sana. Dagaa wa Kigoma bei juu, halafu ukifungua gunia katikati unakuta wamechanganywa na wa Mwanza. Na 2024 mlifunga ziwa miezi mitatu, bei ikaruka. Tatizo ni nini hasa?

#5 MwanaKibirizi

Kaka, kuchanganya kupo, sitakataa, na anayefanya hivyo anatuharibia jina sisi sote. Ila mwenye jicho hadanganyiki. Si samaki wa ukoo mmoja kabisa. Wa Kigoma ni wa jamii moja na dagaa wa baharini, ana mng'ao wa fedha, mwili mnene, akikauka vizuri anavunjika kwa sauti. Wa Ziwa Victoria ni jamii nyingine, na uchungu wake unaujua ukimtafuna mkavu. Chota mkono mmoja kutoka katikati ya gunia kila mara, usichukue wa juu.

Bei sikutajii, kwa sababu nikikutajia leo, ukinipigia wiki ijayo utaniita mwongo. Bei ya dagaa inafuata mwezi. Wavuvi wetu wanavua usiku wa giza. Wanafunga mitumbwi miwili pamoja kwa boriti, katikati wavu mkubwa, wanawasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, sasa ni taa za betri na sola. Dagaa wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukijaa, mwanga uko kila mahali, taa haimwiti mtu, wavuvi wanapumzika karibu wiki nzima na kushona nyavu. Ukitaka bei nzuri nipigie mwezi ukiwa gizani.

Ukisimama Kibirizi saa kumi na moja alfajiri usiku wa giza utaelewa kwa nini tunang'ang'ania. Taa zinarudi moja moja kutoka kwenye weusi, kabla hujaona mtumbwi unasikia makasia na watu wanaimba kwa sauti za kuchoka. Wanawake tumekwishajipanga na mabeseni. Dagaa wanamiminwa, bado wana ubaridi wa chini. Bei inapatikana kwa dakika chache, kwa macho zaidi ya maneno. Mimi nikishapata wangu nakimbia, maana jua likishapanda kila saa ni pesa. Wengine wanaanika mchangani. Mimi niliacha, dagaa wa mchanga anamkwaruza mteja meno na bei yake inashuka. Naanika juu ya chanja za wavu, nageuza mara tatu, mchana wa jua kali wanakuwa tayari. Mvua ikinyesha saa saba na hujafunika, umepoteza. Masika nimewahi kumwaga mabeseni sita. Nililia.

Halafu wakikauka, safari inaanza. Mvua ikikata njia ya reli kule Kilosa au Gulwe, hasara inaingia Kibirizi. Mzigo wangu umewahi kulala njiani siku nne kwenye unyevu, mteja akafungua akakuta ukungu mweupe, akanikata nusu ya fedha na nilimwelewa. Barabara imesaidia sana. Ile ya Kasulu, Kibondo mpaka Nyakanazi, na hii ya Uvinza kwenda Tabora kupitia daraja la Kikwete pale Malagarasi. Na tunasubiri reli ya kisasa: mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Ombi langu kwa wanaoandaa hiyo treni ni dogo. Wapange behewa la mizigo midogo. Mfanyabiashara wa hapa ana magunia manne, hana kontena.

Kuhusu kufunga ziwa, 2024 ilikuwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazozunguka ziwa. Iliniumiza. Wachukuzi, wauza chai, mafundi wa mashine, wote walikaa mikono mitupu. Hata hivyo nasimama upande wa waliofunga. Mama yangu alikuwa anaanika hapa hapa miaka ya themanini na anasema mtumbwi mmoja ulikuwa unaleta kinacholetwa sasa na mitatu. Nyavu zimekuwa nyingi, na matundu yake yamekuwa madogo. Halafu ziwa lenyewe linapata joto. Chakula cha samaki kinaanzia kwenye rutuba iliyolala chini, na upepo wa kusini ndio unaoipandisha juu. Maji ya juu yakizidi joto yanakaa kama mafuta juu ya mchuzi, hayachanganyiki na ya chini, rutuba haipandi. Huwezi kuliamuru ziwa lipoe, lakini unaweza kumwacha dagaa azae.

#6 Heru_Juu

Mleta uzi nakuheshimu ila hapo sikubaliani nawe. Kufunga ziwa bila kumpa mvuvi hata kilo ya unga ni kumfunga mdomo. Shemeji yangu Sigunga aliuza mashine yake ya boti ili watoto wale. Ziwa lilipofunguliwa samaki walikuwepo, yeye mashine hana. Aliyenunua ni tajiri wa mjini. Pia mnaongea kama Kigoma ni ziwa tu. Sisi wa Kasulu tunalisha huo mji muhogo, maharage na ndizi.

#7 MwanaKibirizi

Kaka wa Kasulu, mwakeye. La shemeji yako limenigusa na nalikubali, na nimelikosea kwa kutolisema. Mimi nilipona kwa sababu nina mashina machache ya michikichi niliyoachiwa na baba, nikachemsha mawese, mise, yaani kokwa zake, nikauza kwa wenye mashine za kukamua, sabuni nikapika mwenyewe. Asiye na shina hata moja alikuwa ale nini? Miezi hiyo ingetangazwa mwaka mmoja kabla, na mvuvi akawekewa mkopo wa kumvusha bila kudai mashine yake kuwa dhamana, shemeji yako angekuwa majini leo. Hapo umenishinda.

Na michikichi nawashauri wote mnaokuja na mshahara wa kila mwezi: msinunue viwanja peke yake. Michikichi yetu ya zamani ina kokwa nene na nyama kidogo. Hii mbegu ya tenera inayozalishwa kituo cha utafiti Kihinga ina kokwa nyembamba na mafuta mengi zaidi, na inaanza kuzaa ikiwa na miaka mitatu hivi. Nchi inaagiza mafuta ya kula kutoka nje huku sisi tuna mti unaoyatoa uani. Mtumishi akikaa miaka mitatu tu mahali pamoja atavuna alichopanda.

#8 Nesi_Mgeni

Dada asante. Nimesoma mara mbili. Nitakuja. Naomba unielekeze nikishuka niende wapi.

#9 MwanaKibirizi

Njoo na treni kama hauna haraka, ni siku mbili kasoro kutoka Dar. Tabora mabehewa yanagawanyika, hakikisha uko la Kigoma usije ukaamkia Mwanza, na Kaliua kuna yanayochepuka kwenda Mpanda. Nunua asali Tabora. Nguruka wanawake watakuletea samaki wa mto Malagarasi dirishani, kula, ni wazuri. Ukipita Uvinza fungua dirisha, milima imeanza. Halafu treni itashuka, itapinda, na utaliona ziwa lote kwa mara moja upande wa pili wa stesheni.

Ukishuka mpite anayekuita teksi kwa bei ya kwanza, tembea mpaka barabarani, uliza bajaji ya Kibirizi, sema unakwenda kwa waanika dagaa. Utakaa kwangu mpaka tupate boti ya kijijini kwako yenye nahodha ninayemjua. Chakula ni ugali wa muhogo, migebuka, na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese. Kama ugali wa muhogo hujauzoea utauzoea.

Na kwa taarifa yenu wote, yule mwalimu aliyelia kwenye simu hakusubiri nimalize uzi. Amepanda. Saa hii ameniandikia wako Nguruka, treni imesimama na hajui kwa nini. Nimemwambia alale. Mwezi uko gizani, saa kumi na moja niko ufukweni, nikishaanika nampitia stesheni.